Mpaka wa Kutu

Kabla ya kushika tindo, kabla hata ya kuniuliza gari lina tatizo gani, fundi aligonga. Alijilaza chali juu ya gunia chini ya Land Rover ya marehemu baba, akatoa nyundo ndogo kama ya fundi viatu, akaanza kuligusagusa bati la sakafu jinsi mama anavyogongagonga chungu sokoni kabla hajatoa hela. Ti. Ti. Ti. Halafu sauti ikabadilika: tu. Akarudi nyuma upana wa kidole. Ti. Akasogea mbele tena. Tu. Akachomoa chaki mfukoni, akaweka alama, akaendelea. Vumbi jekundu likamwangukia kwenye nyusi na hakulifuta.

Mimi nilikuwa nimekuja na orodha. Injini inatoa moshi, gia ya pili inaruka, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Nilimsomea yote nikiwa nimechuchumaa pembeni mwa gurudumu. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha sauti ikaja kutoka chini: "Injini itasubiri, mwanangu. Kwanza tujue kama una gari."

Hiyo ilikuwa Bukundi, wilayani Meatu, upande ambao mkoa wa Simiyu unaelekea bonde la mto Sibiti. Wanaoujua mkoa huu kwa pamba na kwa mji wa Bariadi, makao makuu yake tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, mara nyingi hawafiki huku. Barabara ya kutoka Mwanhuzi inapita hapa, inashuka hadi darajani na kuvuka kwenda Mkalama, mkoani Singida. Siku hizi watu wanavuka bila hata kupunguza mazungumzo. Zamani, kabla daraja halijajengwa, ni mto wenyewe, unaotoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi, ulioamua nani asafiri na nani alale ng'ambo na mbuzi wake.

Gereji haina ukuta wala kibao. Ni mwarobaini mkubwa, benchi la mbao, mitungi miwili iliyofungwa kwa mnyororo kwenye shina, na kipande cha reli kilichozikwa nusu ardhini kuwa fuawe. Reli ya mkoa huu iko mbali, Malampaka, wilayani Maswa, kwenye njia ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Sikuuliza kipande hicho kilisafirije.

Land Rover yenyewe ni Series III, ile ndefu, 109. Wengi hutaja namba hiyo kama jina la ukoo bila kujua kwamba ni inchi tu, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu mita 2.77. Baba aliinunua ikiwa kuukuu, akaendelea kuizeesha. Ilibeba pamba kwenda kwenye mizani, mbuzi kwenda mnadani, wajawazito usiku, kwaya siku ya Jumapili, na mara mbili tatu jeneza. Mzigo wa namna zote hizo ulikanyaga mahali pamoja. Rangi ya mlango hukwaruzwa mara moja kwa bahati mbaya, lakini sakafu hukanyagwa kila siku na kila mtu, na hakuna anayeitazama isipokuwa amedondosha sarafu.

Huku kwetu kuna usemi kwamba Land Rover haiozi. Ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ina historia. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikitolewa kwa mgao, ilhali alumini ilikuwa tele. Wakaamua bodi iwe ya alumini. Ndiyo sababu unaona mabawa ya Land Rover ya mwaka wa sabini na kitu yamebonyea kila upande lakini hayana tundu. Hata hivyo chuma hakikuondoka, kilijificha tu. Kiko kwenye chesisi, kiko kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kiko pale dereva anapoweka miguu. Kutu, kama mdai mzoefu, haipotezi muda sebuleni. Inajua mali ilipofichwa.

Nilidhani kutu ya sakafu hutoka chini, kwenye madimbwi. Fundi alinisahihisha huku akichokonoa kona kwa bisibisi. Sehemu kubwa hutoka juu. Abiria anaingia na miguu yenye matope, kapeti la mpira linafunika unyevu huo, jua linapiga, maji hayana njia ya kutokea, na chini ya kapeti panakuwa kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ongeza mkojo wa mbuzi. Ongeza mifuko ya chumvi na samaki wakavu wanaosafirishwa katika bonde hili. Chumvi haili chuma yenyewe, ila inayafanya maji yawe mepesi kupitisha umeme, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Kwa chini, adui ni udongo. Wasukuma hawana neno moja la udongo, wana mengi: luseni ni ule wa kichanga unaodondoka wenyewe ukikauka, ibambasi ni ule mgumu usiopenda mvua, na mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi unaoshika kila kitu. Gari lililopita kwenye mbuga wakati wa masika hubeba shamba zima chini ya sakafu, na shamba hilo hukaa na unyevu hadi karibu mwezi wa saba. Anayeosha gari kwa juu tu anaosha picha.

Alipomaliza kugonga, alama za chaki zilikuwa zimezunguka eneo lote la miguu ya dereva, zikapanda ukutani hadi karibu na pedali ya klachi, zikavuka kwenda upande wa abiria. Nilikuwa nimeona tundu moja la ukubwa wa kiganja. Yeye alichora nchi.

Kisha akaanza kufumua, na hapo ndipo nilipoonana na baba kwa namna ambayo sikuitarajia. Sakafu ilikuwa viraka juu ya viraka. Cha juu kilikuwa bati la kuezekea, lile la migongo, lililobamizwa likawa bapa nusunusu. Chini yake kipande cha debe la mafuta ya kupikia. Chini ya debe, bati nene lililokatwa kwenye kibao fulani, bado lina maandishi meupe: MARUFUKU KU. Kilichokuwa marufuku kiliishia upande wa pili wa mkasi, na hatutakijua kamwe. Chini ya hilo kulikuwa na kipande cha pipa, na chini kabisa, kama mkate uliolowa chai, bati la kiwandani. Nilikumbuka misimu. Bati la kuezekea ni mwaka tulioezeka jiko, nilimshikia baba mwenyewe akikata. Debe ni la shida, mwaka bei ya pamba ilipokuwa haisemeki. Kila kiraka kiliwekwa na mtu aliyekuwa na haraka na aliyekuwa na sababu nzuri ya kuwa na haraka.

Kati ya kiraka na kiraka kulikuwa na majimaji. Si unyevu, majimaji, kiangazi kikiwa kimekolea. Fundi alichovya kidole akanionyesha. "Hivi havikuziba tundu," akasema. "Vilifunika kisima."

Methali yetu maarufu kuhusu ufa na ukuta nimeisikia tangu darasa la pili, na sijawahi kuitilia shaka hadi siku ile. Ukuta wa udongo ukiuziba ufa umeuponya. Bati halikubali. Ukiziba tundu la kutu bila kuondoa kutu, umeipa kutu nyumba yenye paa. Inaendelea pembeni, gizani, kwa amani, na siku itakapotokeza itatokeza mbali na pale ulipoziba. Kwa hiyo ufundi wa sakafu ya gari, niliouona pale kwa siku sita, unaanza na jambo ambalo mteja hapendi kulilipia: kukata. Na hauko kwenye kukata kwenyewe, maana mkasi anao kila mtu. Uko kwenye kujua mpaka. Bati bovu linaishia wapi na bati zima linaanzia wapi?

Mpaka huo hauonekani. Rangi inaweza kuwa salama juu ya bati lililokwisha kuwa karatasi. Kutu ya juujuu inaweza kutisha macho kumbe chini yake chuma ni kizima kama kilivyotoka kiwandani. Jicho hudanganywa pande zote mbili. Fundi anatumia sikio, kisha ncha ya bisibisi, kisha kidole gumba, na mwisho, pale anaposhuku, anapiga msasa sehemu ndogo hadi chuma kionekane kikimeta na vishimo vyake vihesabike. Akikuta vishimo vimeingia ndani zaidi ya nusu ya unene, anasogeza chaki. Aliisogeza mara nyingi. Tundu lililoanza kama kiganja likawa sahani, likawa sinia, na siku ya pili jioni mbuzi wa jirani alipita mle bila kuinamisha pembe.

Nikakosa uvumilivu. Nikamwambia, "Mzee, si tungeacha hapa? Hapa pako imara." Akapagonga. Ti. Kwa masikio yangu palikuwa pazima. Akagonga tena, mara hii akiwa ameweka kidole upande wa pili. Akatikisa kichwa. "Moto unataka mahali pa kushika. Nikichomelea hapa, leo patashika bati, kesho patashika rangi tu." Akakata.

Nimefikiri sana kuhusu uchumi wa jambo hili. Fundi anayeongeza bati anaonekana anafanya kazi. Anayeondoa anaonekana anaharibu. Mteja akija saa nne akakuta tundu kubwa kuliko alilolileta, anaanza kuhesabu hela yake kichwani. Ndiyo maana katika gereji nyingi mpaka wa kutu huwekwa mahali ambapo pesa ya mteja inaishia, kisha puti hupakwa juu, rangi hupuliziwa, na gari huondoka likinukia upya. Siwalaumu sana, maana soko ndilo linalowafundisha. Ila yule mzee wa chini ya mwarobaini anapoteza wateja kila mwezi kwa sababu ya chaki yake, na bado anaisogeza.

Bati la kuziba tulilitoa kwenye pipa. Dukani Mwanhuzi yapo mabati ya kuezekea ya geji 28, 30 na 32, na katika hesabu hii ya ajabu namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni kama theluthi moja ya milimita. Bati la aina hiyo halifai kukanyagwa. Tena limepakwa zinki, na zinki ikipata moto hutoa moshi mweupe unaomwachia mchomeleaji homa ya jioni, baridi na mifupa kuuma, kama malaria iliyokosea njia. Mafundi wengi hunywa maziwa baada ya kazi hiyo wakiamini yanaosha kifua. Maziwa hayafiki huko. Kinachosaidia ni kuikwangua zinki kabla, na kukaa upande upepo unakotokea. Mzee wetu anafanya yote mawili na maziwa bado anakunywa, kwa sababu, anavyosema, maziwa hayahitaji sababu.

Pipa la lita 200, kwa upande wake, lina bati la milimita moja hivi au zaidi kidogo, karibu kabisa na lile la kiwandani. Ukilikata kofia zote mbili na kulifungua, unapata bati la urefu wa karibu mita 1.8 na upana usiotimia mita. Hapo kuna hatari ambayo kila mwaka inaua mtu mahali fulani duniani: pipa tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa mafuta uliobaki ndani ukikutana na cheche hulipuka. Akaliosha kwa sabuni na maji ya moto, akalijaza maji hadi shingoni, likalala hivyo. Asubuhi akalimwaga na kulikata kwa tindo na nyundo, baridi kabisa, bila moto wala grainda. Vivyo hivyo tangi la petroli la gari, ambalo katika Land Rover za zamani liko chini ya kiti cha mbele, yaani pua na mdomo na mahali pa kuchomelea, alilifungua siku ya kwanza na kulipeleka mbali, kwenye kivuli kingine, kama mgonjwa wa kuambukiza.

Kulifunua pipa si kazi ya nguvu. Saidia fundi, kijana wa miaka kama kumi na saba mwenye mabega ya mpakizi wa pamba, alilipiga kwa hasira likawa na mawimbi. Mzee alilipiga kwa nyundo ya mti, pole pole, kutoka katikati kwenda pembeni, kila pigo likiwa limeegemea lililotangulia. Baada ya saa moja lilitulia. Kisha akakata kiolezo kwenye boksi la maduka, akakijaribisha ndani ya tundu, akapunguza hapa, akapinda pale, hadi karatasi ikakaa yenyewe bila kushikwa. Vipimo alivipima kwa shubiri na vidole, na futi ya chuma ilikuwa mfukoni muda wote, nadhani kwa heshima.

Sakafu za kiwandani huwa na mifereji iliyobinywa ndani yake. Nilidhani ni urembo. Kumbe bati bapa hutetema kama ngozi ya ngoma, na likitetema linachoka na kupasuka kwenye kiungo, ila ukilitia mfereji linakuwa gumu bila kuongeza uzito. Kiwandani hilo hufanywa kwa pigo moja la mashine kubwa. Pale Bukundi lilifanywa kwa gogo lililochongwa mfuo, nondo butu na nyundo, pigo kwa pigo, bati likisogezwa nusu inchi kila mara. Mfereji wa kwanza ulichukua asubuhi nzima. Nilipiga picha, na picha haionyeshi chochote.

Hii si teknolojia ngeni katika bonde hili. Wahadzabe wa ukanda wa Eyasi bado wanafua misumari ikiwa baridi, juu ya jiwe, kuwa ncha za mishale. Wahunzi wa Kidatoga, ndugu wa Wataturu tunaoishi nao Meatu, huyeyusha kufuli na koki za mabomba kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi na kutoa bangili. Huku chuma hakijawahi kuwa kitu kimoja tu maisha yake yote. Na ukienda mbali zaidi, magharibi ya Ziwa Victoria, ni watu wa Buhaya walioyeyusha mawe kuwa chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, habari ambayo Peter Schmidt na Donald Avery waliichapisha mwaka 1978 na kuwafanya wasomi wengi wafute walichokuwa wamekiandika. Tanuri la Buhaya lilikuwa na kazi moja: kutumia makaa kuing'oa oksijeni kutoka kwenye jiwe jekundu. Kutu ni kazi hiyo hiyo ikirudi kinyumenyume, pole pole, bila tanuri. Vumbi lile jekundu kwenye nyusi za fundi lilikuwa limeanza safari ya kurudi kuwa jiwe.

Kuchomelea kulikuja siku ya nne na kulikuwa kufupi kuliko nilivyotarajia, au tuseme, kulikuwa na moto kidogo na kusubiri kwingi. Moto wa gesi na oksijeni hupita nyuzi 3,000 na chuma huyeyuka karibu na 1,500. Kwenye bati la milimita moja, tofauti hiyo unaivuka ndani ya pumzi moja, na tundu jipya linakuangalia. Mzee alishika kona nne kwa nukta ndogo, kisha akaenda upande wa pili kabisa akatia nukta nyingine, akarudi, akatia nyingine katikati. Kati ya nukta na nukta aliweka kitambaa kibichi, akakaa, akaongea mambo ya mvua. Bati likipata joto sehemu moja linatanuka, na likikosa pa kwenda linanyanyuka.

Siku ya tano mzee alikwenda msibani na kijana akataka kutufurahisha. Akachomelea upande wa abiria kwa mstari mmoja mrefu, mzuri, unaong'aa kama mshono wa kanzu. Alipofika mwisho sakafu ilikuwa imeumuka katikati kama andazi. Ukiikanyaga inashuka na mlio, ukiinua mguu inarudi. Mimi nilisema tungefunika na kapeti. Mzee aliporudi jioni hakufoka. Aliikanyaga mara moja, ikalia, akamtazama kijana. Kijana akaenda kuchukua tindo bila kuambiwa. Kazi ya siku nzima ikakatwa kabla ya jua kuzama, na hakuna aliyeniambia gharama yake imeingia wapi.

Nyuma, kwenye karoseri, mambo yalikuwa mengine. Pale ni alumini, na alumini haichomelewi na mtungi wa kijijini kirahisi, kwa kuwa haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Chuma hukuonya kwa wekundu. Alumini inakaa kimya hadi nyuzi 660, kisha inadondoka. Ugonjwa wake pia ni tofauti. Inapogusana na vyuma vya chini vinavyoibeba, pakiwa na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayojitoa kafara, inageuka unga mweupe huku chuma kilicho jirani kikistirika kwa muda. Wazungu wawili waliooana kiwandani, alisema mzee, wanagombana kila wakiona maji. Dawa yake ni kuwatenganisha. Akakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akavilaza juu ya kila chuma, akarudisha bati la alumini juu yake na kulifunga kwa ribiti. Ukitazama kwa chini utaona mistari myeusi ya mpira ikichungulia. Hayo ni mapambo pekee ambayo gari langu linayo.

Kuna jioni moja nilimwonyesha kwenye simu picha ya Land Rover zilizofufuliwa Uingereza. Mwaka 2016, miezi michache baada ya ile ya mwisho ya umbo la zamani kutoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari, kampuni yenyewe ilianza kuzikarabati na kuziuza zile za kwanza kabisa. Na mtu binafsi huko anaweza kuagiza ukuta mzima wa mbele ukiwa mpya, umechovywa zinki, ukafika nyumbani kwenye boksi. Mzee aliitazama picha kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyoona watoto wanafanya. "Nzuri," akasema. Halafu: "Limekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na sidhani alikuwa anadharau. Aliuliza kama mtu wa pwani anavyouliza juu ya jahazi. Barabarani gari huitwa chombo cha moto, na neno chombo walikuwa nalo kwanza wenye majahazi. Nao wana kazi yao ya chini isiyoonekana: kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta ikishindiliwa kwa tindo kwenye nyufa za mbao, kisha deheni, chokaa na mafuta, ikapakwa tumboni mwa chombo kabla hakijarudi majini. Jahazi linabadilishwa ubao baada ya ubao hadi mjukuu anasafiria mbao ambazo babu hakuzigusa, na bado ni lile lile, lina jina lile lile. Nilipomweleza mzee habari ya pamba alicheka. Hakujua kwamba zao la Meatu linaweza kuzuia bahari.

Sisi deheni yetu ilikuwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, kisha lami kwenye viungo, na mwisho oili chafu iliyopakwa kwa brashi kila uvungu hadi mahali ambapo hata mbwa hafiki. Katika kila pembe ya chini aliacha tundu dogo kwa makusudi, lenye kizibo cha mpira. Nililalamika kidogo, siku sita tunaziba matundu na sasa tunatoboa. Akanikumbusha kwamba hata waliolibuni gari hili waliacha tundu chini ya nyumba ya klachi, na kizibo chake ni cha kufunga unapoingia mtoni tu, ukivuka unakifungua. Maji yatakuja. Kinachotakiwa ni yajue mlango.

Usiku wa mwisho hapakuwa na mwezi. Mzee alinipa tochi, akanituma mimi chini, yeye akapanda ndani, akafunga milango, akaning'iniza blanketi kwenye vioo. Nikasikia mgongo wake ukijilaza juu ya sakafu mpya, pale tulipokuwa tunaweka miguu. Nilikuwa chali juu ya gunia lile lile, nimelisogelea bati hadi nikanusa lami.

"Anzia kona ya klachi," akasema. "Pole pole."

Nikasogeza mwanga upana wa kidole, nikasubiri, nikasogeza tena. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilifuata kiungo chote cha upande wa dereva, nikapita katikati, nikaingia upande ambao kijana aliurudia. Popo walikuwa wanagombania mwarobaini. Nikadhani mzee amesinzia.

"Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.

"Hapo hapo. Usitikise."

Nikashika mkono kwa mkono mwingine ili mwanga utulie. Juu yangu, upande wa pili wa bati, nikasikia chaki ikikwaruza.